Mwalimu wa Ncha za Waya

Hakuna mteja aliyenivunjia bidhaa nyingi kama Mwalimu, na hakuna niliyekuwa namngojea kwa hamu kama yeye. Alikuwa anaingia dukani kwangu, pale Bulengera, mjini Butembo, ninapouza vipuri vya redio na vya umeme wa jua, bila salamu. Anachukua domino moja mezani, kile kifungio cha plastiki chenye vis, yaani skrubu, ndani ya kubania waya. Anafunga waya, anaikanyaga kwa kiatu, kisha anavuta kifungio kwa mikono miwili kama mtu anayeng'oa muhogo. Kikipasuka, ananipangia vipande mbele ya macho.

"Kambale, hii ni ya kuuzisha batu ao ni ya kuchezesha batoto?"

"Mwalimu, na hii nayo umeivunja."

"Miye sikuivunja. Ilitoka ku fabriki imevunjika. Miye nimekuonyesha tu."

Akishamaliza hayo, ndipo anasalimia: "Wabukire. Bako bazima kwako?" Anavuta kiti changu mwenyewe, anakunywa chai yangu, na tunaanza kuchagua.

Jina lake alikuwa nalo, lakini Butembo nzima ilimwita Mwalimu, hata watu ambao hakuwafundisha kitu. Asubuhi alikuwa anafundisha électronique katika institut technique moja ya mjini. Baada ya masomo alikuwa anatengeneza plaque, ule ubao wa kijani wenye njia za shaba, za kuongoza umeme wa jua kutoka kwenye panneau, ile paneli ya juani, kwenda kwenye betri, na kutoka kwenye betri kwenda kwenye frigo ya chanjo, taa ya kanisa au redio ya jamaa. Kuchora njia za shaba hakukumsumbua. Kilichomnyima raha ni zile ncha, mahali ambapo waya inatoka nje na kukutana na plaque.

"Plaque haikufake katikati," alikuwa anasema. "Plaque inakufaka ku mulango."

Kwa hiyo aliniuliza mambo ambayo wateja wengine hawakuyafikiria. Siku ikiharibika, nani atafungua hapa, fundi ao mama muuguzi mwenye haraka? Atakuwa na chombo gani mkononi? Waya ni ya nyuzi nyingi ao ni uzi mmoja mgumu? Itatikiswa? Ni umeme kiasi gani utapita hapo saa ya jua kali? Nikimjibu kwamba hii ndiyo iliyoko, ananitazama kama mtoto aliyejibu "sijui" kwenye mtihani. Waya iliyolehemiwa moja kwa moja juu ya plaque hakutaka hata kuiona. Alisema ni ndoa ya nguvu. "Siku mumoja anataka kutoka, bote babili banaumia."

Na alikuwa na neno lake jingine, ambalo vijana wa mjini walikuwa wanarudia wakinunua simu: "Mutu akikupatia kitu chenye hakifungukake, hakukupatia. Amekuazimisha."

Kubishana kwake hakukuwa kwa kelele. Sauti yake ilikuwa ya chini, nayo ilizidi kushuka kadiri hasira ilivyopanda. Kanisani kwao, kwa Waprotestanti, waliwahi kumkataza kupanda juu ya bati kufunga panneau. Wazee wa kanisa walisema mwanamke juu ya paa ni aibu kwa nyumba ya Mungu. Walitafuta mwanamume wa kupanda, na paneli zilikaa chini ukutani majuma mengi, kuku wanalala juu yake. Jumapili moja, ibada ilipokwisha na watu wakiwa bado uani, Mwalimu alifunga kitenge chake juu ya suruali, akaweka ngazi, akapanda. Pasta alitoka, akasimama chini akiwa na Biblia kwapani.

"Mama Mwalimu, tulisemaje?"

"Mulisema nisipande, Pasta. Basi nishuke?"

"Ushuke, ndiyo."

"Nitashuka. Mwenye atapanda pahali pangu akuje ashike ngazi, tupishane."

Pasta aliwatazama wazee wa kanisa. Wazee wa kanisa walitazama viatu vyao. Hatimaye Pasta mwenyewe alishika ngazi, isiteleze, mpaka kazi ikaisha. Jumapili iliyofuata kwaya iliimba kwa maikrofoni, na hakuna aliyeuliza umeme ulipandia wapi.

Lakini mwanamke huyo asiyeogopa paa aliogopa pikipiki kupita kiasi. Akiipanda alikuwa anafunga macho na kusali kwa sauti, Kinande na Kifaransa pamoja, mpaka motard, mwendesha pikipiki, anaona haya mbele za watu. Hata hivyo, hakuna plaque iliyotoka mikononi mwake kabla ya kusafirishwa kwa pikipiki kwenda Beni na kurudi. Alikuwa anaifunga ndani ya sanduku chini ya kiti cha motard mmoja, jirani yetu, na waya zake zote zimefungwa ndani ya vifungio kama zitakavyofungwa ukutani. Barabara iwe ndiyo mwalimu, alisema. Sanduku likirudi, analifungua mezani kwangu na kugusa waya moja moja. Ikilegea hata moja, kifungio cha aina hiyo kimeshindwa, na mimi nimeshindwa pamoja nacho.

Mchezo huo ulitaka kutuua. Siku moja motard alisimamishwa kwenye barrière, kizuizi cha jeshi barabarani, na askari aliyekagua kiti aliona sanduku lenye waya nyekundu na nyeusi. Tukapigiwa simu. Tulipofika, motard alikuwa amekaa chini, mikono kichwani. Sanduku lilikuwa peke yake katikati ya barabara. Magari yalikuwa yamepanga mstari pande zote mbili, na askari wamerudi nyuma ya magunia ya mchanga, mmoja amelielekezea bunduki.

"Mama, zonga sima!" yule askari alipiga kelele. "Rudi nyuma! Ni bombe!"

"Haiko bombe. Ni kitu ya frigo. Ukipiga hiyo, unapiga chanjo ya batoto."

"Nimesema rudi!"

Nilimshika mkono. Alinitoa kama mtu anayetoa jani lililomwangukia, akatembea mpaka katikati ya barabara, akakunja kitenge vizuri, akakaa juu ya sanduku. Abiria wa lori moja la ndizi, waliokuwa wanatukana tangu tufike, waliinama nyuma ya mikungu.

"Basi, tata," alimwambia askari, kwa ile sauti yake ya chini. "Kama ni bombe, miye njo nitaanza kufa. Kuja sasa nikuonyeshe, sababu jua ni kali na batu hawa banataka kupita."

Kamanda wao ndiye aliyekuja. Mwalimu alisimama, akafungua kifuniko, akamwonyesha waya inaingia wapi na inatoka wapi. Tulipoachiliwa, Mwalimu alimgombeza motard kwa kukaa chini kwenye vumbi akiwa amevaa suruali safi.

Sitaki mtu afikiri kwamba hakukosea kamwe. Alikosea vibaya, na ndiyo sababu kubwa ya kumwandika.

Muuguzi mkuu wa kituo kidogo cha afya huko Kalunguta, tuliyezoea kumwita Titulaire, alifika siku moja akiwa amebeba plaque ya Mwalimu ndani ya kitambaa. Plastiki ya domino ilikuwa imeyeyuka, imekuwa rangi ya kahawa. Umeme ulikuwa umekatika hapo, frigo ikapata joto, na chanjo zote zikatupwa. Wamama walioshuka vilimani na watoto mgongoni walirudi mikono mitupu.

"Nani alifungua hii?" Mwalimu aliuliza.

"Hakuna mutu, Mwalimu. Tangu mulifunga, hakuna mwenye aligusa."

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Aliichukua plaque, akageuza, akajaribu vis kwa kucha, na vis ikazunguka yenyewe. Alikuwa ameikaza kwa mkono wake, na mkono huo nilikuwa naujua.

Alikaa na jambo hilo siku nyingi, na alipokuja dukani alikuwa mtu mwingine, anasalimia kabla ya kuvunja. Hatimaye alipata jibu. Miaka yote alikuwa anafundisha wanafunzi wake kupaka étain, ile risasi laini ya kulehemu, kwenye ncha ya waya kabla ya kuifunga chini ya vis, ili nyuzi zake zisitawanyike. Ilionekana kazi safi, na mafundi wote wa mjini walifanya hivyo. Kumbe étain ni laini, na chini ya vis inaendelea kujisogeza polepole, kama tope chini ya mguu wa kiti. Leo vis imekaza. Baada ya muda imelegea, na hakuna aliyeigusa. Pakilegea, panachemka. Alijaribu kwa waya mbili mezani kwake, moja yenye étain na moja yenye kofia ndogo ya shaba iliyofinywa kwa koleo, mpaka hakubaki na shaka.

Basi aliwaita wanafunzi wake wa zamani, wengine wana atelier, yaani karakana, zao, wengine wana mvi. Walijaa darasani. Akasimama mbele, akaweka ile plaque iliyoungua juu ya meza.

"Hii ni yangu. Nilibafundisha mubaya. Muna waya za namna hii kwa nyumba za batu. Muende muzifungue zote, mukate étain, muweke kofia."

Mmoja wao, fundi mwenye jina mjini, aliinua mkono. "Mwalimu, lakini mungenyamaza tu. Mungetengeneza polepole. Hakuna mwenye angejua."

"Frigo ilijua," alisema Mwalimu.

Wengine walinung'unika. Kurudi kwa mteja na kumwambia uliweka vibaya si jambo la kupendeza, na wako ambao hawakurudi. Yeye alirudi kwa wote wake. Kalunguta alikwenda kwa pikipiki, macho yamefungwa, akisali. Siku ya chanjo alisimama mlangoni mwa kituo, akawaambia wamama kwamba kosa la mara ile lilikuwa lake, si la Titulaire. Mama mmoja, mtoto mgongoni na jembe mkononi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tumesikia. Sasa leo dawa iko?"

"Iko."

"Basi utoke ku mulango, tupite."

Hiyo Mwalimu aliisimulia mara nyingi kuliko ile ya barrière, na alicheka kila mara.

Baada ya tukio hilo, projet moja ilileta kwenye vituo masanduku yake yenyewe ya kuongoza umeme wa jua. Yalikuwa mazuri, meusi, yamejazwa gundi ngumu ndani, waya zinatoka kama mikia. Ingénieur wake, kijana mwenye adabu na mwenye kujua kazi, alikuja Kalunguta kuyafunga, na Titulaire akataka Mwalimu awepo. Mimi nilikuwa nimepeleka waya.

"Hapa wapi panafunguka?" Mwalimu aliuliza.

"Hapafunguke, Maman. Njo uzuri wake. Vumbi haliingie, mikono ya batu haiingie. Mukifungua kwa nguvu, garantie inaisha."

"Na garantie inafikaka mpaka hapa Kalunguta?"

Watu walicheka, na kijana naye akacheka kidogo. Kisha akasema jambo ambalo lilikuwa kweli: "Maman, bila kuwakosea heshima. Ile yenu yenye ilifunguka, njo yenye iliungua."

Kicheko kiliisha. Titulaire alitazama chini.

"Ndiyo," Mwalimu alisema. "Iliungua. Nikaifungua, nikaona ni juu ya sababu gani iliungua, na sasa haiungue tena. Yako siku itaungua, utaifungua uone nini? Utaona gundi."

"Itachukua miaka."

"Na miye natengenezea hiyo siku yenye itakuja nyuma ya hiyo miaka."

Hakushinda. Sanduku jeusi lilifungwa ukutani, na plaque ya Mwalimu ikatundikwa kwenye msumari kando yake kama kalenda ya zamani. Na lazima niseme haki: lile sanduku lilifanya kazi vizuri sana. Halikuungua. Liliendelea hivyo mpaka asubuhi ambayo watu wa Kalunguta walikimbia risasi za waasi. Wanaume wawili walirudi kuokoa frigo, na kwa kuwa waya hazikuweza kutoka, walizikata kwa panga, pale pale karibu na gundi, pasipobaki hata nafasi ya kushika. Watu waliporudi na frigo, Titulaire alichukua ile plaque ya msumarini, akachuna ncha za waya na kuzikaza kwa kisu cha jikoni. Aliponipigia simu frigo ilikuwa inavuma.

Nilikimbia kumpelekea Mwalimu habari hiyo, nikidhani atafurahi. Alikuwa anakaanga vitunguu.

"Batu bote balirudi?" aliuliza.

"Wengi."

"Sikukuuliza wengi, Kambale."

Aliondoa sufuria motoni, akakaa, na hatukuzungumza tena juu ya sanduku la mtu yeyote.

Alipostaafu, tulidhani atapumzika. Wakati huo familia zilikuwa zinakimbia vita upande wa Beni kuja kwetu Butembo, magodoro juu ya magari, mbuzi, masufuria. Yeye alipanda gari tupu lililokuwa linarudi kule. Alisema gari tupu lina nafasi ya kunyoosha miguu. Akapanga chumba katika commune ya Ruwenzori, mtaa wa Beni, na kanisa moja likampa ukumbi wa kufundishia wamama waliokimbia vijiji vyao. Simu zangu alikuwa anajibu akitaka. Mara nyingi alijibu kwa kuagiza kofia za shaba.

Mwaka huu mtoto wake wa kwanza, mwenye biashara Kampala, alinipigia simu. Alikuwa amejenga, chumba cha mama kiko tayari, daktari wa mikono amepatikana. Maana mikono ya Mwalimu ilikuwa imeanza kutetemeka.

"Ya Kambale," alisema, akiniita kaka kama zamani, "weye anakusikiaka. Umulete. Hata kwa nguvu, umulete."

Nilikwenda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: afya, usalama, wajukuu. Nilimkuta ukumbini, amekuwa mdogo ndani ya sweta lake, wamama wamezunguka meza ndefu. Mikono ilikuwa inatetemeka kweli. Fer, ile pasi ya kulehemu, hakuweza tena kuishika, kwa hiyo alikuwa ameiondoa kabisa katika somo la siku hiyo. Walikuwa wanachagua vifungio. Mbele ya kila mwanamke kulikuwa na aina mbalimbali, vya vis vya kukazwa kwa tournevis, yaani bisibisi, vya kubana kwa ressort, yaani springi, na vya kuchomeka; kila mmoja alipaswa kusema anachukua kipi na kwa sababu gani.

Mwanamke mmoja mwenye kilemba cha kijani alichukua cha ressort.

"Juu ya nini?" Mwalimu aliuliza.

"Hii haiombe nguvu. Nabonyeza, waya inaingia. Nabonyeza, inatoka. Mukono moja tu. Mukono ingine iko na mutoto."

"Na vumbi?"

"Mwalimu, vumbi nitaipangusa. Mutoto sitamutupa."

Wenzake walicheka. Mwalimu alikichukua kile kifungio, akakibonyeza kwa kidole kinachotetemeka. Waya ikaingia mara ya kwanza. Akakibonyeza tena, ikatoka. Miaka yote alikuwa ananiambia ressort ni ya watu wavivu.

"Andikeni hiyo," aliwaambia wengine. "Sikukuwa naijua."

Nilimwita pembeni, nikamweleza kilichonileta. Alisikiliza mpaka nilipomaliza afya, nikamaliza usalama, nikafika kwa wajukuu.

"Umupigie," alisema.

Nilipiga. Mwanawe akaanza kuongea kabla sijampa mama simu, na Mwalimu alipoichukua aliiweka mbali kidogo na sikio, ili nami nisikie. Chumba, daktari, gari litafika mpaka mpakani, Mama usihangaike na kitu, tutakubeba.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza, Mama."

"Hawa bamama benye niko nabo hapa, kila mumoja alikuja na kitu ku kichwa. Godoro, sufuria, mutoto. Balibeba, bakachoka, bakaweka chini, na sasa banajifunza kazi. Hakuna mumoja wao aliniomba nimubebe. Miye na weye, mwanangu, nani alimuzaa mwenzake? Unasema utanibeba. Miye siko muzigo."

"Mama, mikono yako..."

"Mikono inatetemeka. Kinywa hakitetemeke. Kama unataka kuniona, barabara njo ile. Ukuje. Lakini usikuje mikono mitupu na kukaa ku kiti kama mugeni. Kuko masanduku ya kufungua hapa, na batu hawatoshe. Ukuje na tournevis."

Akanirudishia simu, akarudi mezani, akamwambia mwanamke mwenye kilemba cha kijani asogee apate mwanga. Niliweka simu sikioni. Nilisikia honi za Kampala nyuma ya mwanawe. Nilidhani amekasirika, nikaanza kutafuta la kumtuliza.

"Ya Kambale," alisema hatimaye, polepole. "Tournevis ya namna gani?"